Tabea Mlowe na Bonde Ambalo Halikupigwa Jembe

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, Jumbe wetu uliyeketi mbele, wafiwa na majirani wote mliofika hapa Mahongole leo Ijumaa tarehe 22 Julai 1960, kamwene. Ndugu wa marehemu wamekubaliana kwamba maisha ya mama yetu Tabea yasomwe na shemeji yake Lameki Nyagawa, mdogo wa marehemu mumewe, na Lameki huyo ndiye anayesimama hapa na karatasi hizi, ila ameomba ruhusa jina lake litajwe humu kama la mtu mwingine yeyote, maana anajifahamu, akianza kusema mimi ataanza na kujitetea. Elimu yake ni ya darasa la pili, kwa hiyo mtamvumilia pale atakaposoma polepole.

Marehemu Tabea, binti Manase Mlowe, alizaliwa Matembwe mwaka 1912, siku yenyewe haikuandikwa, mama yake alisema tu kwamba ulezi ulikuwa umeshapurwa na nyasi za milimani zimekauka, tunahesabu kuwa ni mwezi wa sita au wa saba, akiwa mtoto wa tatu katika watoto sita, na baba yake alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache, ambaye alimfundisha bintiye kunoa kila kitu chenye makali kabla ya kukitumia. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1927, akiwa tayari shuleni.

Shule aliianza mwaka 1925 katika shule ya misheni huko Lupembe, akakaa bwenini hadi mwaka 1929, akamaliza darasa la tatu akijua kusoma Biblia, kuandika barua na kushona. Wasichana wa bweni walilalia magodoro ya magunia waliyoyajaza nyasi kavu kwa mikono yao kila muhula, na nyasi za zamani zilitupwa nyuma ya jiko, mahali palepale palipotupwa maganda ya viazi. Siku moja Tabea alitumwa kuhamisha lile lundo, akakuta chini yake viazi mviringo vimezaa juu ya udongo, visafi kama vimeoshwa, na hakuna aliyevipanda wala kuvilimia. Alikwenda mbio kumwambia mwalimu wake wa kike, mwalimu akamwambia, "Haya, Tabea, vilete jikoni, na sufuria bado zinakungoja," yakaishia hapo. Baada ya masomo alibaki palepale akifanya kazi jikoni kwa miaka miwili.

Ndoa yake na Efraimu Nyagawa wa Mahongole ilifungwa Jumamosi tarehe 12 Septemba 1931, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Elieza aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1933, ambaye sasa ni fundi seremala mjini Njombe, Fidelia aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1936, ambaye hakuolewa mbali na wengi wenu mnamfahamu, na Lucia aliyezaliwa mwaka 1939 na kuchukuliwa na Bwana akiwa na miezi minane. Mwaka 1932 Efraimu aligawiwa na aliyekuwa Jumbe wakati ule, Mzee Filemoni, kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kulimwa kiangazi, kutoka kivuko cha juu hadi mfereji wa zamani, na hicho ndicho kilichowalisha miaka yote ile.

Mwezi wa tano mwaka 1944 Tabea aliteleza kwenye daraja la miti akiwa na mzigo wa ulezi kichwani, akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo alitembea na fimbo na hakuweza tena kuinama na jembe. Haukupita mwaka, tarehe 11 Machi 1945, Efraimu alifariki kwa kichomi, akamwacha na watoto wawili, mguu mmoja mzima, na bonde la kulima. Ndugu walikaa wakasema watamsaidia kulima kwa zamu, na ni kweli Lameki alikwenda siku mbili, ya tatu akaumwa mgongo, na mgongo huo ulipona siku ileile kilabuni.

Hapo ndipo Tabea alipolikumbuka lile lundo la nyasi nyuma ya jiko. Wakati watu walipokuwa wanamaliza kupura ulezi na ngano na kuchoma mabua, alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiyaomba, watu wakampa wakicheka kwa kuwa walikuwa wanayachoma hata hivyo, na yeye na Fidelia wakayaburuta hadi bondeni, wakayatandaza kufika magotini, bila kukata ardhi hata mahali pamoja. Viazi aliviweka juu ya udongo na kuvifunika, na kwa mbegu za kabichi, karoti na njegere alikaa chini kwenye kigoda, akatenganisha nyasi kwa vidole mpaka udongo uonekane, akaweka mbegu, akasogea na kigoda chake.

Mwaka wa kwanza haukuwa mzuri, na historia hii isiseme uongo. Panya walikula karoti zote, na sehemu ya nyasi alizokata kuongezea mabua zilikuwa zimeshakomaa mbegu, zikaota magugu kama amepanda mwenyewe, watu wakapata la kusema. Wanawake kisimani walimwita Mama Blanketi, wakisema, "Mwenzetu amelifunika shamba gubigubi, akiondoka analiambia lala salama." Ema, mke wa Lameki, alimuuliza mbele ya wote, "Mama Elieza, na hilo shamba huwa linaamka saa ngapi?" Tabea akamjibu, "Likiamka nitakuita, mlamu wangu, uje na kapu," wakacheka wote, na yeye pia.

Lakini hakuacha. Mwaka wa pili alikata nyasi kabla hazijatoa mbegu, akaziacha wazi sehemu za kando ili panya wakose pa kupita, akafyeka njia pana kuzunguka bonde ili moto wa milimani usimfikie, na kila nyasi zilipolala aliongeza nyingine juu yake. Mwezi wa saba, umande ulipoganda na kuunguza majani ya kabichi za bonde zima, yeye jioni alikuwa ameivutia miche yote nyasi juu yake kama mtu anayemfunika mtoto, na asubuhi akaifunua jua lilipopanda. Mwezi wa tisa, watu walipokuwa wanapanda na kushuka na vibuyu vya maji, yeye alikuwa hamwagilii, ukiingiza mkono chini ya nyasi zake ulitoka na udongo mweusi, baridi, wenye unyevu na minyoo.

Lameki aliingiza mkono huo. Alikwenda mwezi wa tisa mwaka 1947, Tabea akiwa kanisani, akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaunusa udongo ule, na alipousimamisha mgongo wake alikuwa ameshautamani. Alikuwa na watoto watano na kinyungu chake kilikuwa chembamba, hilo ni kweli, lakini si hilo lililompeleka kwa Jumbe.

Desturi yetu mnaijua, kinyungu kisichoonyesha alama ya jembe kwa viangazi vitatu kinahesabiwa kuwa pori, na Jumbe anaweza kumgawia mwingine anayeomba. Tarehe 9 Oktoba 1948 Lameki alisimama barazani akasema bonde la kaka yake limekuwa pori, limejaa nyasi, linafuga panya na nyoka, na kwamba yeye haombi kwa tamaa, bali kwa uchungu wa ardhi ya ukoo. Maneno hayo, uchungu wa ardhi ya ukoo, aliyafanyia mazoezi njiani.

Wazee walishuka bondeni siku ileile, watu wakafuata nyuma. Tabea alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasimama kwa shida akawaamkia. Mzee Filemoni alichoma fimbo yake ndani ya nyasi, akaizungusha, akauliza, "Mama Elieza, jembe limepita wapi hapa?"

"Halijapita, baba," Tabea alisema.

"Mwaka huu?"

"Tangu Efraimu afariki."

Mzee Filemoni hakuwa mtu mbaya, alimpa nafasi, akasema, "Binti yangu, fikiri vizuri. Labda kijijembe kidogo, hapo pembeni, cha kupalilia?" Watu wote walielewa anamsaidia, ilikuwa ni kusema ndiyo tu na shauri limekwisha. Tabea alitazama chini, kisha akasema, "Ningependa, baba, lakini halijapita hata la kupalilia. Halina kazi hapa. Niruhusu nikuonyeshe." Akainama kwa upande ule wa mguu mzima, akafunua nyasi, viazi vikawa vimekaa pale kama mayai chini ya kuku, akafunua tena hatua mbili mbele, vingine, akajaza kapu mbele yao bila kuchimba.

Wazee walishangaa, wakavishika, mmoja akasema hivyo si viazi vya kulimwa, ni vya kuokota. Lameki akasema kwa sauti, "Hata nguruwe pori anaokota, hajapewa shamba," na watu wakacheka. Mzee Filemoni alichomoa fimbo yake kwenye nyasi, akasema desturi inauliza jembe, haiulizi viazi, na kwamba akiivunja leo kesho kila mvivu atatupa nyasi shambani na kujiita mkulima. Bonde akapewa Lameki. Jioni ile viazi vya kwenye lile kapu vilipikwa nyumbani kwa Jumbe na wazee wakavila, na Lameki naye alivila, vilikuwa vitamu.

Tabea hakulia mbele ya watu. Alimwambia Lameki kitu kimoja tu walipokuwa wanapanda mlima, "Shemeji, usizichome zile nyasi, tafadhali. Tuseme wewe hunipendi, ila udongo haujakukosea." Kesho yake asubuhi Lameki alizichoma. Kwa sababu zilikuwa nene moto ulikwenda chini kwa chini siku tatu, moshi ukafika mpaka barabarani, na siku ya nne akaingia na jembe na marafiki na pombe, wakalima udongo laini wakiimba. Mwaka ule alivuna kuliko mtu yeyote bondeni akajisifu, mwaka wa pili akavuna kama wengine, na mwaka wa nne udongo ulikuwa umegandamana kama tofali na jembe lilikuwa linaruka.

Yeye Tabea alichukua kile kipande ambacho hakuna aliyekitaka, mteremko wa changarawe nyekundu juu ya njia, ambako hata mbuzi walikuwa wanapita bila kusimama. Fidelia alipomuuliza, "Mama, hapa kutaota nini?" alimwambia, "Mwaka huu hakuna. Tunaotesha udongo kwanza." Wakaanza kubeba nyasi, mama na fimbo, binti na mzigo, kiangazi hadi kiangazi, mabua ya ulezi, mabua ya ngano, majani ya maharage, na walipofunika kipande kimoja walihamia cha pili, na mvua ziliposukuma nyasi chini waliziokota wakazirudisha juu. Mwaka wa kwanza walipata maboga matatu. Mwaka 1952 walipata kabichi ambazo Fidelia alizipeleka njia panda ya Makambako, na madereva wa malori ya Njombe na Songea wakawa wanasimama kumuulizia. Mwaka 1956 bwana shamba kutoka Njombe alipokuja kuamuru matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa kila mteremko, Tabea alimwambia, "Bwana, sitakataa amri, lakini vua kwanza kiatu uingie," akavua kweli, kiatu na soksi ya mguu mmoja, akasimama ndani ya nyasi, udongo wa chini ukamwingia kati ya vidole, akaandika kitu kwenye kitabu chake, akavaa kiatu akaondoka, na habari ya matuta kwenye mteremko ule haikusikika tena.

Historia hii inarudi nyuma kidogo, msomaji ameruka mambo mawili, na aliyaruka kwa makusudi alipoiandika mara ya kwanza. La kwanza ni la mwaka 1952. Wakati wa mikutano ya uamsho, Lameki alisimama mbele ya kanisa lililojaa akaungama, akalia, akasema habari za pombe, akasema habari za tumbaku na ugomvi, watu wakaimba wakamkumbatia. Habari za bonde hakuzisema. Tabea alikuwa ameketi benchi la pili upande wa wanawake, na walipotoka alimpa mkono akamwambia taratibu, "Nimefurahi, shemeji. Umetaja pombe, umetaja tumbaku. Bonde umesahau jina lake?" Lameki akacheka kana kwamba ni utani, akaenda zake.

La pili ni la mwaka 1953, mvua zilipochelewa na njaa ikapita hapa, mnaikumbuka. Bonde lililolimwa kwa jembe lilipasuka nyufa za kuingia mkono. Kila Jumamosi asubuhi Ema alifungua mlango akakuta kapu la viazi na majani ya kabichi, limewekwa bila hodi, na juu yake hapakuwa na neno lolote. Watoto watano wa Lameki walivuka mwaka ule kwa kapu hilo, kutoka kwenye mteremko wa changarawe. Ema ndiye aliyelirudisha kapu mara ya kwanza, akalia mlangoni kwa Mama Blanketi wake, akaomba afundishwe. Lameki hakwenda.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi wa Novemba 1959 kwa maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya kula, alitumia dawa za nyumbani, na tarehe 3 Mei 1960 alilazwa hospitali ya Ilembula, ambako waganga waligundua uvimbe, wakamfanyia upasuaji na kumhudumia kwa upendo mkubwa. Mwezi wa sita alirudi nyumbani, akakalishwa kwenye kigoda mlangoni akimwelekeza Fidelia pa kuongeza nyasi, hata mtu aliyekuja kumpa pole aliondoka ametumwa kubeba mzigo. Tarehe 8 Julai alirudishwa Ilembula.

Lameki alikwenda kumwona Jumapili tarehe 17 Julai. Alikuwa amekusudia kusema, akaanza na habari za ng'ombe, akaenda za mvua, na Tabea akamngoja. Mwisho akapiga magoti kando ya kitanda akasema, "Shemeji, nisamehe habari za bonde."

Tabea akamwambia, "Nilikusamehe zamani, Lameki. Nilichoka kukubeba mguu wangu ukiwa hivi."

Lameki akasema, "Asante, Bwana asifiwe," akataka kusimama, naye akamshika mkono wa shati, akiwa hana nguvu lakini hamwachii. "Ngoja. Wewe nimekusamehe. Bonde sikulisamehe, silo langu, ni la watoto. Msamaha umepata, sasa rudisha."

"Nitarudisha, shemeji. Leo hii nakuambia nimerudisha."

"Unaniambia mimi? Mimi nakwenda. Ulinishtaki mbele ya watu, usinirudishie kwa kuninong'oneza mimi mgonjwa. Kasemee kulekule."

Lameki aliahidi kwamba atakwenda barazani akipata nafasi, na Tabea akamtazama akasema, "Ukipata nafasi. Miaka kumi na miwili hukuipata," na hapo muuguzi akaja kumgeuza, mazungumzo yakakoma. Alifariki Jumatano tarehe 20 Julai 1960, saa tatu asubuhi, Fidelia akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Kwa hiyo Lameki anasema kulekule, kwa kuwa leo watu wamekuja wote. Jumbe wetu, na wazee, na wewe Mzee Filemoni ambaye Mungu amekuweka hai uyasikie, kile kinyungu kutoka kivuko cha juu hadi mfereji wa zamani hakikuwa pori siku ile mlipokikagua, kilikuwa kimelimwa kuliko mabonde yote, na aliyewaambia ni pori alikuwa ameshaingiza mkono wake humo mwaka mmoja nyuma na alijua. Alidanganya. Anakirudisha leo kwa Elieza na Fidelia, watoto wa Efraimu, na Elieza amesema asubuhi hii, akiwa bado anapigilia misumari sanduku la mama yake, kwamba kitashikwa na Fidelia, na kwamba Fidelia hatakipiga jembe. Jumbe, tunaomba usimame ukubali mbele ya watu kwamba kinyungu kilichofunikwa nyasi hakitahesabiwa tena kuwa pori, na ukiwa huwezi kusema hivyo leo, sema uwezalo, ila sisi ndugu tumeshakubaliana hatutaingia bondeni bila hodi ya Fidelia.

Jumbe amesimama. Amesema imesikika na amekubali. Asante, baba.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Ilembula kwa mikono yao, mchungaji na wazee wa usharika kwa maombi, majirani wa Mahongole mliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu, ndugu wa Matembwe mliotembea kwa miguu siku mbili, mafundi wenzake Elieza kutoka Njombe kwa mbao za sanduku, na akina mama wa kisimani, pamoja na Ema, ambao tangu juzi wanapika viazi vinavyoliwa hapa, vimetoka mteremkoni kwake na bado viko vingi. Kama kuna mtu aliyesahauliwa, makosa ni ya mwandishi, na si kosa lake la kwanza.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Pumzika sasa, Mama Elieza, kwa amani ambayo sisi tulichelewa kukupa.